Mkwe, Pazia na Damu ya Kamba

Damu ya kamba haingoji mtu. Nawaambia hilo kwanza, nyinyi vijana mnaoingia maabara na makoti meupe yaliyopigwa pasi, kwa sababu mimi niliambiwa mwisho. Ukimchoma kamba na sindano kavu, kabla hujamaliza kusalimia mulembe damu imeshaganda ndani ya bomba, na wewe unabaki unasukuma na kukodoa macho. Weka dawa ya kuzuia kuganda kwanza, iwe baridi kutoka kwa friji, halafu ndiyo uchome. Na ninasema kamba yule mdudu wa majini mwenye masharubu, si kamba ya kufungia ng'ombe. Huku kwetu Bungoma lazima ufafanue, la sivyo mtu anakuletea yadi mbili za katani.

Mimi ni Mama Nasimiyu. Nimestaafu, niko nyumbani Myanga, nafuga kuku, na kuku wenyewe wananiboesha kwa sababu damu yao ni nyekundu tu, haina maajabu. Nilianzia maabara ya hospitali kule Kitale, nikitafuta malaria kwenye damu na minyoo kwenye vikopo ambavyo watu huleta vimefungwa kwa magazeti na aibu. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja mkali, Mzee Simiyu, mtu wa kunusa kila kitu kabla ya kukiamini. Alikuwa akisema, "Nasimiyu, macho yakiona umechoka yatakudanganya. Pua haina hiyo tabia." Mpaka leo nikifungua maziwa nanusa mara mbili, na binti yangu anasema namwaibisha mbele ya wageni.

Sasa, kutoka minyoo mpaka kamba nilifikaje? Laumuni harusi.

Kuna Bwana Kulwant, mtu wa jamii ya Sikh, mzaliwa wa Kitale kama baba yake, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Kibukusu chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Alialikwa harusi Mombasa, akala kamba wa kukaanga, akarudi amebadilika kama mtu aliyeokoka. Habari ni kamba, chai ni kamba, ukienda kununua dawa ya kupe unaelezwa kamba. Mwishowe akachimba bwawa nyuma ya nyumba yake hapo Kitale, akaleta kamba wa maji baridi, wale wenye mikono mirefu ya buluu, akakaa kwenye kiti kuwangoja wanenepe.

Kitale na baridi ile! Kamba walikusanyika kona moja, wakasimama kimya, hawali, hawatembei, kama wajumbe waliokosa posho. Bwana Kulwant akaanza kuwamiminia maji ya moto kwa birika. Birika la kwanza, la pili, la tatu. Mke wake, ambaye hali nyama ya kitu chochote chenye macho, akatoka jikoni akamwuliza, "Unawafuga au unawapika?" Bwana Kulwant akaliangalia birika, maana hata yeye hakuwa na hakika.

Basi akahamisha mradi Bumula, ambako kuna jua la kutosha na miwa pande zote, akachimba mabwawa mawili, la juu na la chini. Akaniomba niache hospitali nije nimwangalizie afya ya wadudu. Watu wangu walicheka mpaka wakashika ukuta. "Ati Mama Nasimiyu ameenda kupima malaria ya kamba!" Nikawaacha wacheke. Mimi nilikuwa nimechoka na vile vikopo.

Haya, keti vizuri, sasa ndiyo sayansi yenyewe. Nitaieleza polepole, kwa sababu niliwahi kuieleza haraka kanisani na mama mmoja akaenda kutangaza kwamba nafuga majini.

Wewe na mimi miili yetu inakumbuka. Ukiugua surua leo, mwili unaiweka rohoni kama mtu aliyekopwa jembe likarudishwa limevunjika. Siku ikirudi, inatandikwa mlangoni. Ndiyo maana chanjo hufanya kazi kwetu. Kamba hana kumbukumbu ya aina hiyo. Akiamka asubuhi, kila kitu kipya, kila bakteria mgeni. Ungesema basi huyo atakufa kesho. Hapana! Ndani ya damu yake kuna vipande vidogo vidogo vya protini, vinaitwa peptidi, na kazi yake ni moja: kutoboa. Peptidi ina chaji ya upande huu, ngozi ya bakteria ina chaji ya upande ule, zinavutana, peptidi inaganda pale juu, inapenya, inatoboa, bakteria anavuja mpaka anaisha. Haiulizi kitambulisho. Haiulizi umetoka wapi, unaitwa nani, ulishawahi kuja hapa. Ni soja wa geti ambaye mtu yeyote asiyemjua anapata rungu kwanza, maswali baadaye.

Unaijuaje hiyo nguvu? Chukua sahani ya kuoteshea, paka bakteria wa ugonjwa juu yake, dondosha tone la damu ya kamba, weka kwenye joto mpaka kesho. Bakteria wataota kote kama ukungu kwenye mkate. Lakini kama damu ina peptidi za kutosha, pale ulipodondosha patabaki duara safi, halina kitu. Na usisahau tone la pili pembeni, dawa tupu ya kuzuia kuganda, bila damu, kwa sababu hiyo dawa nayo inaweza kuua bakteria ikakudanganya ukafurahia bure. Joto nalo, kama huna mashine, chukua boksi la kulelea vifaranga na balbu. Mimi nilitumia hilo hilo, na siku moja soja wetu aliweka mayai humo. Hayo tuyaache.

Kumshika kamba ni kazi ya mikono minne. Huyu anashika: kidole gumba na cha pili nyuma ya kichwa, mkono mwingine unanyoosha mkia, ile mikono mirefu ya buluu iangalie mbali na pua za watu. Huyu mwingine anachoma pale laini, chini, shina la mguu, anavuta taratibu. Ukiwa peke yako utatobolewa wewe. Mshikaji wangu alikuwa Wafula.

Wafula alitoka Naitiri, kijana mrefu, mtulivu, vidole vyake vyepesi kama vya fundi saa. Alikuja hajui kamba ana mbele wala nyuma. Mwezi haujaisha ananyoosha mkia kabla sijasema. Tulikuwa tunachapa kazi! Ninachoma, anabadilisha, ninachoma, anabadilisha, na redio inaimba, na mandazi yetu kwa karatasi moja katikati ya meza. Alikuwa ananiita Madam, namwita Wafula, tunataniana mchana kutwa. Nilijisemea, kijana huyu siku nikistaafu nitamwachia kiti changu.

Siku moja binti yangu Nekesa akaniambia kuna wageni wanakuja nyumbani kwa mambo yake. Mnajua maana yake. Nikasuka nywele, nikachinjisha jogoo, ndugu zangu wakaja wamevaa nyuso za kazi. Mimi mama mtu niko ndani, nachungulia pazia. Nikaona wazee wanashuka, nikaona kijana katikati yao kwa suti ya kijivu, anatembea akiangalia viatu vyake. Akainua uso. Wafula!

Jamani, ningenyamaza kama mama mwenye heshima. Lakini mdomo wangu ulitoka wenyewe kupitia dirishani: "Wewe! Na kamba umemwachia nani?"

Wazee wa Naitiri wakaangaliana. Wafula akasema kwa sauti ya chini, "Soja, Madam. Mzee Makokha." Ndugu yangu akafunga dirisha.

Nilimpenda huyo kijana, siwezi kusema uongo, na Nekesa alichagua vizuri. Lakini nililia jikoni, na si kwa ajili ya vitunguu, kwa sababu nilijua nimepata mkwe na nimepoteza mshikaji.

Nyinyi wa siku hizi mnaokumbatiana na wakwe zenu kwenye picha, sikilizeni. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake ni heshima ambayo haina mchezo. Hampeani mkono. Hamketi chumba kimoja. Hakuoni ukila, humwoni akila. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwa miwa mpaka mwenzake apite, na hata jina lake haliropokwi ovyo. Na sisi kazi yetu ilikuwa nini? Kukaa meza moja tukigusana viwiko juu ya mdudu.

Tulijaribu kila namna. Tukagawana siku, ikashindikana. Tukatumia simu, simu haina uso, mila haikuitaja, kwa hivyo mimi ndani namtumia ujumbe, yeye nje ya ukuta anajibu, "Sawa mama, chakula nimeweka," na kijikatuni cha mikono iliyokunjwa. Siku ya kuvua niliingia bwawani, sketi nimeifunga juu ya magoti kama kila mtu, nikasikia nyuma yangu kishindo. Wafula alikuwa ameniona, akaruka kwenye shamba la miwa la jirani na ndoo ya kamba mkononi. Kamba tuliwaokota humo mpaka saa ya chai. Jirani mpaka leo anaamini kwamba miwa yake ilizaa wadudu.

Kazi ya kumshika kamba ikamwangukia Mzee Makokha, soja wetu, ambaye ni mtu mwema lakini mikono yake hutetemeka mpaka saa nne asubuhi. Na hapo ndipo hadithi ya busaa inaingia.

Mzee Makokha alikuwa na nyumba nyuma ya bwawa la juu na mke wake anapika busaa, pombe yetu ya unga wa nafaka. Machicha yanayobaki baada ya kuchuja, badala ya kuyatupa, alikuwa anayaanika juani, kisha anawarushia kamba. Mimi sikujua. Niliona tu kamba wa bwawa la juu wana nguvu, magamba yanang'aa, nikadhani ni upepo. Siku moja nikanusa maji. Mzee Simiyu angejivunia.

"Mzee Makokha, hii harufu ni ya nini?"

"Ni chakula kidogo tu, mama. Hawa watu wanakura vizuri sana."

"Chakula gani?"

"Machicha." Akaona uso wangu. "Si busaa yenyewe, mama! Busaa siwezi kuwapa. Hiyo ni ya watu."

Bwana Kulwant aliposikia alishika kichwa. "Bana, unalewesha kamba wangu?" Akakaa ukingoni jioni nzima akiwaangalia kama wanayumba. Kamba hutembea kinyumenyume wakishtuka, na kila mmoja aliyefanya hivyo Bwana Kulwant alisema, "Unaona? Unaona huyo?"

Lakini machicha yamejaa hamira, na hamira, hata iliyokufa, ngozi yake inafanana na ngozi ya adui. Kamba akiila, mwili unashtuka: tumevamiwa! Unafua peptidi kwa wingi, unangojea vita ambayo haijafika. Ugonjwa wa kweli ukija, unakuta silaha ziko tayari. Usizidishe, maana kamba akikaa macho mwaka mzima anachoka kama mtu yeyote, hakui. Mpe, mpumzishe, mpe. Wazungu huuza hicho kitu kwa pakiti. Mzee Makokha alikuwa anakirusha kwa sufuria.

Nikamwuliza mbona bwawa la chini hawapewi. Akaangalia huku na huku. "Mama, bwawa ra chini riko karibu na kanisa. Pasta ataniona na machicha." Kwa hivyo kamba wa juu walikula machicha, na kamba wa chini waliishi maisha matakatifu kwa sababu ya hofu ya Mzee Makokha. Mtaalamu wa chuo asingepanga majaribio vizuri zaidi.

Halafu ugonjwa ukaja. Ulianza bwawa la chini. Asubuhi tukakuta kamba wamelala ubavu, nyama ya mkia imegeuka nyeupe kana kwamba imechemshwa. Kesho yake wengi zaidi. La juu bado walikuwa wazima, lakini mfereji ni mmoja, na Bwana Kulwant alikuwa amemaliza uvumilivu wake.

Alikuja Bumula akasimama katikati ya mabwawa mawili na uso wa msiba. "Mama Nasimiyu, basi. Nimechoka kuzika wadudu. Kesho kutwa asubuhi mtu wa tingatinga anakuja. Nafungua yote mawili, namwaga chokaa, napanda nyasi ya ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama unaweza kuelewa."

"Wa juu si wagonjwa."

"Bado. Na labda hiyo machicha ndiyo ilileta."

"Nikikuonyesha damu yao inaua ugonjwa huu?"

Akafikiri. Alikuwa bado anawapenda, nilimwona. "Ukinionyesha kwa macho yangu, kabla ya tingatinga, la juu linabaki. Lakini kwa macho, mama. Si kwa maneno."

Sasa mimi, kusema kweli, nilikuwa mlangoni mwa kustaafu. Bwawa likifungwa ningekuja hapa kwa kuku wangu na maisha yaendelee. Lakini Wafula! Nekesa alikuwa na mimba kubwa, hata viatu haviingii. Kazi ya Wafula ilikuwa hiyo moja, ujuzi wake ni huo mmoja, na Bumula nzima nani mwingine angemwajiri mtu wa kunyoosha mikia ya kamba? Nilimwona kwa mbali akifagia ukingo ambao ulikuwa umeshafagiliwa, anafagia tena, na moyo ukaniuma.

Siku ile ile nikachukua kamba aliyekufa, nikaotesha bakteria wake. Kesho yake walikuwa tayari kwenye sahani. Ilibaki damu. Damu mbichi, kutoka kwa kamba wa juu na kamba wazima waliobaki chini, tone kwa tone, mikono minne.

"Mzee Makokha yuko wapi?"

"Ameenda kuzika shangazi Naitiri," akasema Bwana Kulwant. "Anarudi kesho jioni."

Kesho jioni! Tingatinga ni asubuhi. Bwana Kulwant akakunja mikono ya shati akasema atashika yeye. Kamba wa kwanza alimbana kidole gumba. Bwana Kulwant akapiga kelele ya Kipunjabi, ya Kibukusu na ya Kiswahili, kwa mpangilio huo, akarusha mkono, na kamba akaruka akatua ndani ya kikombe changu cha chai. Yule wa pili hakumshika kabisa, walizungushana tu mezani. Nikamwambia aketi.

Tukatazamana. Nje ya dirisha fagio lilikuwa linasikika, fya, fya, fya.

"Hapana," nikasema.

"Mimi sijasema kitu," akasema Bwana Kulwant. Halafu akaenda kwa nyumba ya Mzee Makokha akarudi na shuka ya kitanda, ya maua, na mkasi.

Tuliifunga ile shuka kwenye kamba ya nguo katikati ya chumba, na sasa hiyo ndiyo ya katani. Tukakata matundu mawili. Wafula upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, meza katikati. Yeye anapitisha mikono kwenye matundu akiwa na glavu, mimi nina glavu juu ya glavu, ili ngozi isiguse ngozi. Bwana Kulwant akasimama mwisho wa pazia kama mkalimani, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Mwambie ainue mkia."

"Wafula, inua mkia."

"Muulize mkia wa nani," ikaja sauti nyuma ya maua.

"Anauliza mkia wa nani."

"Wa kamba, bana! Kuna mwingine mwenye mkia humu?"

"Anasema wa kamba."

Mpaka maneno yazunguke hivyo, damu ilikuwa imeganda na kamba amekasirika. Nikapoteza wa kwanza. Nikapoteza wa pili. Nilikuwa na njaa, sikuwa nimekula tangu alfajiri, na kwa kuwa pazia lipo nikasema mila imetulia, nikatia andazi zima mdomoni ili mikono ibaki huru. Kitambaa cha kichwa nacho nilikuwa nimekivua kwa joto.

Akaletwa dume mkubwa wa bwawa la juu, mikono ya buluu, minene kama ya fundi seremala. Nikachoma. Sindano ikaingia sawasawa, damu ikaanza kuja, nyembamba, ya rangi ya maji yaliyotumika kuoshea chupa ya wino. Yule dume akanyoosha mkono wake mmoja polepole, akashika shuka ya Mzee Makokha, na akavuta.

Shuka yote ikashuka.

Hebu nioneni. Mama mkwe, kichwa wazi, mikono imekunjwa hadi kwapani, shavu limefura andazi, macho kwa macho na mume wa binti yangu. Makosa yote ya mila ya Wabukusu yalifanyika kwa pamoja. Wafula akawa mweupe kama mkia wa kamba mgonjwa. Nikaona miguu yake inageuka kuelekea dirishani. Na mimi miguu yangu imeshageuka kuelekea mlangoni, mtu na mkwe wake, na sindano katikati yetu inavuta damu ambayo tukiachilia hakuna nyingine.

Nikapaza sauti, andazi likaruka vipande: "Wafula, ukiachilia huyo kamba usinizalie mjukuu!"

Hata Bwana Kulwant alisahau kutafsiri.

Wafula akafumba macho. Akafumba kabisa, akakunja uso wote kama mtoto anayepakwa dawa ya kidonda, na vidole vyake havikusogea hata unywele. "Ndiyo, Madam," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ya posa.

Tukamaliza wote hivyo. Yeye macho amefumba, anachagua kamba kwenye ndoo kwa kupapasa, ananyoosha mkia, anangoja. Mimi sikuhitaji kusema tena inua wala shusha. Nilichoma, akabadilisha, nikachoma, akabadilisha, na sitawadanganya, katikati ya ule wazimu nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu harusi. Tone la mwisho lilipoingia kwa chupa, tulikumbuka sisi ni kina nani. Mimi nikatoka kwa mlango, yeye akatoka kwa dirisha, na Bwana Kulwant akabaki peke yake na ndoo ya kamba, akituita. Nilimngoja Wafula afike mbali ndipo nikarudi kudondosha matone.

Wazee walikuja kusikia, ndiyo. Bwana Kulwant hana siri. Tulipigwa faini ya kuku, na Mzee Makokha akadai shuka. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Asubuhi ya tingatinga nilifika Bumula kabla ya mtu yeyote, nikakuta si kabla ya mtu yeyote. Wafula alikuwa amesimama nje ya dirisha la chumba chetu cha kazi, amenipa mgongo, anaangalia miwa. Hakugeuka niliposhuka. Kola ya shati lake ilikuwa imekunjika upande mmoja, na mimi mama yake mkwe sikuweza kuinyoosha.

Bwana Kulwant akaja, na nyuma yake tingatinga ikinguruma barabarani. Hakusema hata habari ya asubuhi. Nikatoa sahani kwenye boksi la vifaranga. Nikanusa kwanza, kwa mazoea. Nikaiinua kwenye mwanga.

Tone la dawa tupu: bakteria wameota juu yake, hawana habari. Matone ya bwawa la chini: wameota vilevile, labda pamefifia kidogo, ukipenda kujipa moyo. Matone ya bwawa la juu: duara. Duara. Duara. Safi kama mtu amepangusa kwa kidole.

Bwana Kulwant aliichukua akaiangalia kwa muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena. Akaniuliza, "Hii ni wale wa machicha?" Nikasema ni wale. Akaniwekea sahani mkononi taratibu, akatoka nje, nikamsikia akimwambia mtu wa tingatinga kwamba ni bwawa moja tu, la chini, na akigusa la juu watakutana kortini.

Wafula hakuwa amesikia. Tingatinga ilikuwa inapiga kelele. Alikuwa bado ameupa dirisha mgongo, mabega yamepanda mpaka masikioni, anangoja aambiwe aende nyumbani akamweleze Nekesa. Nikasogea dirishani na ile sahani. Nilikuwa na simu mfukoni. Ningeweza kumtumia ujumbe.

"Mwanangu," nikasema. "Geuka uone."

Akageuka, ameziba uso kwa mikono yote miwili, heshima ni heshima. Nikainua sahani mpaka ikajaza dirisha. Kidole kimoja kikasogea, jicho moja likatokea hapo katikati, likaangalia duara la kwanza, la pili, la tatu. Halafu mikono ikaanguka yote. Tukabaki pale, mkwe na mkwe, uso kwa uso, tunalia machozi na kamasi juu ya sahani ya bakteria mchana mweupe, na hakuna aliyekimbia.